Moyo Mnyofu na Kuitafuta Kweli

Kijana mmoja wa Nyamwaga, katika wilaya ya Tarime, aliniuliza swali ambalo nimeona vyema kulijibu katika kurasa hizi, kwani najua kwamba hayuko peke yake. Alikuwa amekwisha soma vitabu vyetu viwili vitatu, na alikuwa amehudhuria mazungumzo yetu mara kadhaa, akikaa nyuma karibu na mlango. Siku hiyo alingoja watu waondoke, kisha akasema: "Mwalimu, mengi mnayoyasema moyo wangu unayakubali. Lakini baba ameniambia kwamba nikisilimu, ng'ombe waliokuja kwa ajili ya dada yangu hatawatoa kwa ajili yangu. Basi je, Mungu anataka niamini sasa, au anataka ningoje mpaka nioe?"

Msomaji wa pwani huenda asiuone uzito wa maneno haya. Kwa Wakurya, ng'ombe wanaotolewa posa ya binti ndio ambao kaka yake huolea. Ng'ombe hao si mali tu. Ndio nyumba ya kijana ya kesho, ndiyo nafasi yake katika ukoo, ndio watoto watakaoliita jina lake. Kwa hiyo sikumcheka, wala sikumwambia kwamba ng'ombe si kitu mbele ya Pepo. Mwalimu anayemwambia hivyo mtu wa Tarime, ama hajui anenalo, ama yeye mwenyewe hajapata kutakiwa aache kitu.

Nilimwomba kwanza tulipasue swali lake, kwa maana ndani yake mna maswali mawili. La kwanza: Je, mambo haya ni kweli? La pili: Yakiwa ni kweli, nitapoteza nini? Watu wengi huanza na lile la pili, na hivyo la kwanza halipati jibu kamwe. Atazamaye hasara kwanza, akili yake huanza kumtafutia sababu za kukataa. Na atazamaye faida kwanza, akili yake humtafutia sababu za kukubali. Wote wawili hutoka wakidhani wamechunguza, ilhali hawakuchunguza kitu.

Na hapa niseme wazi kwamba hao wa pili, yaani wanaotaka kuingia kwa sababu ya faida, si wachache. Yuko atakaye kumwoa binti wa Kiislamu. Yuko aliyesikia kwamba Jumuiya ina shule na hospitali. Yuko aliyegombana na kanisa lake juu ya fedha za mchango na anatafuta mahali pa kuwakomoa wenzake. Watu wa namna hii nawaambia wangoje. Hadithi maarufu iliyosimuliwa na Hadhrat Umar r.a. inafundisha kwamba amali hupimwa kwa nia, na kwamba aliyehama kwa ajili ya dunia au kwa ajili ya mwanamke wa kumwoa, kuhama kwake kumehesabiwa kwa hicho alichokihamia. Mtu huyo naye alitembea jangwa lile lile, akapata kiu ile ile na vumbi lile lile. Tofauti ilikuwa mahali ambapo hapaonekani kwa macho ya watu.

Sasa, kweli hutafutwaje? Kurani Tukufu, katika Sura Saba (34:47), inamwamuru Mtume s.a.w. awatake wapinzani wake jambo moja tu: wasimame kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, wawili wawili au mmoja mmoja, kisha wafikiri. Naomba msomaji aitazame vizuri hesabu hiyo. Hawakuambiwa wakusanyike kabila zima. Katika nchi ya Wakurya mambo makubwa huamuliwa katika ritongo, mbele ya watu wote, na desturi hiyo ina hekima yake: ng'ombe wameibwa, watu wamepigana, basi jamii yote isikie na jamii yote iamue. Lakini katika ritongo kila asemaye hutazama uso wa jirani yake kabla hajafungua kinywa. Katika jambo la imani uso wa jirani hauna msaada. Mtu hufa peke yake na hujibu peke yake, na yafaa hata kufikiri kwake juu ya jambo hilo kuwe na upweke kidogo, au awe na mwenzi mmoja mwaminifu ambaye mbele yake haoni haya kusema, "Hapa sijui."

Kurani Tukufu pia inawalaumu wale ambao, wakiitwa kwenye aliyoyateremsha Mungu, hujibu kwamba wao watafuata waliyowakuta nayo baba zao (2:171). Aya hii wako wahubiri waliozoea kuitumia kama fimbo ya kuwapigia wazee. Haikuteremka kwa ajili hiyo. Kinacholaumiwa si kuwa na baba, wala kumheshimu. Kinacholaumiwa ni kumfanya baba kuwa hoja. Hoja ya namna hiyo, wewe Muislamu uliyezaliwa katika Uislamu, yakuhusu sawasawa na yule wa dini ya jadi na yule Mkristo. Anayeswali kwa sababu tu alimwona baba yake akiswali hajauliza swali la kwanza hata siku moja.

Wazee wa Kikurya wenyewe walilijua jambo moja ambalo vijana wa leo wanaanza kulisahau. Kiapo wakiitacho emuma kilikuwa kikiogopwa kuliko adhabu yoyote ya serikali, kwa imani kwamba anayeapa uongo hujiletea maangamizi, yeye na watu wa nyumba yake. Sisi hatuziungi mkono taratibu za kiapo hicho. Kwetu kiapo ni kwa jina la Mwenyezi Mungu pekee. Lakini khofu ile ya kusema uongo mbele ya Asiyeonekana ni mbegu njema. Mtu aliye nayo yu karibu na Uislamu kuliko mtu anayetamka shahada kwa ulimi mwepesi. Kurani Tukufu ilipowazungumzia Mabedui waliodai kwamba wameamini, iliwarekebisha: waseme kwamba wametii tu, kwani imani ilikuwa haijaingia bado mioyoni mwao (49:15). Hawakufukuzwa. Walifundishwa tu kutosema zaidi ya kile walicho nacho.

Katika masahaba wa Mtume s.a.w. hakuna ambaye safari yake yafaa kusomwa na mtafutaji kuliko Hadhrat Salman Mwajemi r.a. Alizaliwa upande wa Isfahan, mtoto wa mkuu wa kijiji, katika watu walioabudu moto. Baba yake alimpenda mno hata akamweka ndani kama mwali, na kazi yake ilikuwa kuutunza moto mtakatifu usizimike. Siku moja alitumwa shambani, akapita karibu na kanisa, akasikia Wakristo wakisali. Akaingia, akakaa nao mpaka jua likachwa, shambani hakufika. Aliporudi akamweleza baba yake kweli yote: kwamba amewaona watu ambao sala yao ni bora kuliko yetu. Baba akamfunga minyororo miguuni.

Alitoroka akaenda Sham, akamtumikia askofu mmoja. Na hapa ndipo mahali ambapo watafutaji wengi huanguka. Askofu yule alikuwa mtu mbaya: aliwahimiza watu kutoa sadaka, kisha akajilimbikizia mwenyewe, hata maskini wasipate kitu. Alipokufa, Salman aliwaonyesha watu mitungi saba ya dhahabu na fedha. Wangapi kwetu wamemwona padri, au mchungaji, au sheikh, akila mali ya waumini, wakasema, "Basi dini yote ni uongo," wakaenda zao kilabuni? Salman hakusema hivyo. Alimchukia mwizi, lakini hakuichukia kweli kwa sababu ya mwizi. Akakaa na askofu aliyefuata, aliyekuwa mtu mwema, akampenda. Huyo naye alipokufa akaelekezwa Mosul. Kutoka Mosul, Nasibin. Kutoka Nasibin, Amuria. Kila mahali alimtumikia mtu mmoja mpaka kifo, na kila aliyekuwa akifa alimwuliza, "Sasa niende kwa nani?"

Yule wa mwisho alimwambia kwamba wakati wa Nabii umekaribia, atatokea Arabuni, atahamia nchi ya mitende. Na akampa alama tatu: Nabii huyo hatakula sadaka, atakula zawadi, na katikati ya mabega yake pana muhuri wa unabii. Kule Amuria Salman alikuwa amefanya kazi, akapata ng'ombe na kondoo wachache. Nilipofika hapa nilimwona yule kijana wa Nyamwaga ameinua kichwa. Ndiyo: Salman aliwatoa ng'ombe wake wote na kondoo wake kwa wafanya biashara wa kabila la Kalb ili wamchukue mpaka Arabuni. Nao wakamhini; walipofika Wadil-Qura wakamwuza kama mtumwa. Alitoa ng'ombe wake kwa ajili ya kweli, naye akapata utumwa. Nasimulia hivi bila kupunguza, kwa sababu wako watu wanaowaahidi wanaosilimu kwamba mambo yao yote yatanyooka kesho asubuhi. Mwenyezi Mungu hakuahidi hivyo.

Lakini utumwa ule ndio uliomfikisha Yathribu, yaani Madina. Alikuwa juu ya mtende akifanya kazi aliposikia chini watu wakisema kwamba yuko mtu amefika Quba kutoka Makka, na watu wanadai kuwa ni Nabii. Alitetemeka hata akakaribia kumwangukia bwana wake. Aliteremka akauliza, akapigwa kofi na kuambiwa arudi kazini. Na baada ya mateso yote hayo, je, alikimbia kwenda kuamini? Hapana. Jioni alichukua chakula kidogo alichokuwa amekiweka akaba, akampelekea Mtume s.a.w. akisema ni sadaka. Mtume s.a.w. akawapa masahaba wake, yeye asile. Siku nyingine akapeleka na kusema ni zawadi. Akala pamoja nao. Mara ya tatu alimkuta Baqi'il-Gharqad, akazunguka nyuma yake. Mtume s.a.w. akatambua anachokitafuta, akaliteremsha shuka lake mabegani. Hapo Salman alianguka akalia.

Haya ni mambo mawili ambayo watu hudhani hayapatani: mapenzi makubwa na uchunguzi mkali. Watu wa Nyamwaga ni majirani wa Nyamongo, ambako mgodi mkubwa ulianza kutoa dhahabu mwaka 2002, na ambako wachimbaji wadogo walikuwako kabla ya hapo. Wanajua kwamba mwenye kiu ya dhahabu ndiye hasa mwenye kuupima mwamba, kwa maana hana nguvu za kubeba mawe yang'aayo bure. Na Mtume s.a.w. hakumkasirikia Salman kwa kumpima. Alimteremshia shuka. Basi mwalimu yeyote anayekukasirikia kwa sababu umemwuliza maswali, muulize mengine.

Upande wa pili yuko mtu aliyeuliza maswali mazuri kuliko wote na hayakumfaa. Herakli, Kaisari wa Warumi, aliletewa barua ya Mtume s.a.w. baada ya Mapatano ya Hudaibiya ya mwaka 628. Alimwita Abu Sufyan, ambaye wakati ule alikuwa adui wa Uislamu na alikuwa Sham kwa biashara, akawaweka wenzake nyuma yake ili akisema uongo wamkanushe. Kisha akauliza: Nasaba ya mtu huyo ni ipi? Je, katika wazee wake yuko aliyekuwa mfalme? Wanaomfuata ni wakubwa au wanyonge? Wanazidi au wanapungua? Yuko aliyertadi kwa kuichukia dini yake? Mlipata kumtuhumu kwa uongo kabla ya madai yake? Je, huvunja ahadi? Msomaji anayetaka kuchunguza madai ya mtu yeyote, hata ya Seyidna Ahmad a.s., na achukue maswali haya haya, sisi hatuyaogopi.

Herakli alipata majibu, na kwa ulimi wake akakiri yanakoelekea. Baadaye, huko Hims, aliwakusanya wakuu wake katika kasri, akafunga milango, akawauliza kama wanataka uongofu, wamfuate Nabii huyu. Wakaikimbilia milango kama punda mwitu, wakaikuta imefungwa. Kaisari akaona ufalme unamponyoka. Akawaita warudi, akasema alikuwa akiwajaribu tu. Basi wakamsujudia, naye akaendelea kuwa Kaisari. Kurani Tukufu imewataja watu waliozikanusha Ishara ilhali nafsi zao zimeziyakinisha (27:15). Hao hawakukosa elimu.

Mlinganishe na Najashi, mfalme wa Uhabeshi, jirani yetu wa kaskazini. Mwaka 615 Maquraishi walipompelekea zawadi ili awatoe Waislamu waliokimbilia kwake, alikataa kuwatoa kabla hajawasikia. Alimsikiliza Jaafar bin Abi Talib r.a. akisoma sehemu ya Sura Mariamu, akalia, akarudisha zawadi. Wakuu wake nao walinung'unika. Alikuwa na kiti cha enzi kama Herakli, na maarifa yake yalikuwa machache kuliko ya Herakli.

Watu wengine hudhani kwamba uwazi huu wa moyo ni wajibu wa Wakristo na wa watu wa dini za jadi, na kwamba Muislamu amekwisha fika. Sheikh Kaluta Amri Abedi hakudhani hivyo. Alizaliwa Ujiji mwaka 1924 katika Waislamu, akasoma Tabora, na hapo akiwa kijana akakutana na mafundisho ya Ahmadiyya, ambayo Sheikh Mubarak Ahmad, aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1934, alikuwa akiyaeneza katikati ya upinzani mkali. Angeweza kukaa alipokuwa, na hakuna ambaye angemlaumu. Alisoma, akapima, akaingia. Wengi wanamkumbuka kwa mashairi yake na kwa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi cha mwaka 1954, au kwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam, mwaka 1960, na baadaye Waziri wa Sheria, kabla ya kufariki Ujerumani mwezi wa Oktoba 1964 akiwa na miaka arobaini tu. Mimi namkumbuka zaidi kwa kazi aliyoifanya pamoja na Sheikh Mubarak Ahmad katika tafsiri ya Kurani Tukufu kwa Kiswahili, iliyotoka Nairobi mwaka 1953. Kabla yake tafsiri kamili iliyokuwako ni ya Padri Godfrey Dale wa Unguja, ya mwaka 1923. Sheikh Abdulla Saleh al-Farsy hakukubaliana na yetu, naye akatoa ya kwake mwaka 1969. Ndugu mtafutaji, zisome zote. Anayekukataza kuisoma ya mwenzake amekwisha kukuambia jinsi anavyoiamini ya kwake.

Nirudi kwa ng'ombe, maana kijana yule hakulisahau swali lake. Juu ya baba, Kurani Tukufu iko wazi: wazazi wakimshurutisha mtu amshirikishe Mungu asiwatii katika hilo, lakini akae nao duniani kwa wema (31:16). Kwa hiyo asimtukane baba yake, asimdharau mbele ya ndugu, aendelee kumlimia shamba na kumchungia mifugo. Akinyimwa ng'ombe, na avumilie. Baba ambaye leo amekasirika amekwisha onekana mara nyingi akilainika kwa kumwona mtoto wake amekuwa mtii kuliko zamani.

Lakini ilinipasa kumwambia na jambo jingine, na nilisita kabla ya kulisema. Katika Uislamu mahari ni haki ya mwanamke mwenyewe anayeolewa (4:5). Wale ng'ombe aliokuwa akiogopa kunyimwa, kwa sheria anayotaka kuiingia, si wa baba yake wala si wake yeye. Ni wa dada yake. Alinyamaza kimya. Nilijua kwamba ningeweza kulificha jambo hilo mpaka akisha baiat, kisha alikute humo ndani kama mtu anavyokuta ngazi yenye kidato kilichovunjika. Kufanya hivyo kungekuwa ni kumwita kwenye kweli kwa njia ya hila. Alikuja akidhani dini hii itamgharimu ng'ombe kwa sababu ya hasira ya baba. Akatoka akijua kwamba ingemgharimu hata kama baba angecheka.

Kisha nikamweleza njia ya dua, ambayo Seyidna Ahmad a.s. aliieleza mwaka 1892 katika kitabu chake Nishan-i-Asmani kwa ajili ya wale wanaotaka kumjua kwa ushahidi wa Mungu mwenyewe. Mtu atubu kwanza, kisha usiku aswali rakaa mbili. Katika ya kwanza asome Sura Yasin, katika ya pili asome Sura Ikhlas mara ishirini na moja. Baadaye amsalie Mtume mara mia tatu na kuomba maghufira mara mia tatu. Kisha amwombe Mwenyezi Mungu amfunulie hali ya mtu huyu aliyedai kuwa Masihi na Mahdi: ni mkweli au ni mwongo? Afanye hivyo kwa muda wa wiki mbili kwa uchache. Na sharti alilolitilia mkazo ni kwamba moyo uwe umesafishwa na chuki na pia na mapenzi. Mwenye moyo uliojaa chuki, shetani humletea mawazo ya giza kutoka katika chuki ile ile, naye akadhani amejibiwa.

"Mimi sijui Yasin," akasema. "Hata Fatiha sijaimaliza."

Nikamwambia kwamba Mungu anakijua Kikurya kabla sisi hatujakijua Kiswahili. Asiye Muislamu na aoge, atafute mahali pa faragha, aombe kwa lugha ya mama yake, kwa maneno yake mwenyewe, usiku baada ya usiku, na asiongoje ndoto kama mtu angojaye basi. Mara nyingine jibu huja kwa ndoto, mara nyingine kwa kitabu, mara nyingine kwa kifua kutulia. Ahadi iliyoko katika Sura Ankabut (29:70), kwamba wanaojitahidi kwa ajili Yake atawaongoza kwenye njia Zake, haikufungwa kwa lugha moja.

Aliuliza kama katika wiki hizo mbili inampasa aache kwenda kanisani na mama yake. Nikasema hapana, ampeleke kama kawaida. Aliuliza pia kama aanze baada ya mavuno. Hapo nilicheka, naye akacheka; akasema ataanza usiku ule.